Vichwa Hufuata Mkono

Kinyozi mzuri hatambuliwi kwa bango lake. Hatambuliwi hata kwa kioo chake. Utamjua kwa watu walioketi kwenye benchi wakati kiti cha jirani yake kiko wazi. Nimenyolewa katika miji mingi, mingine kwa lugha ambazo nilijua maneno mawili tu, "punguza" na "inatosha", na karibu kila mahali nimelikuta benchi hilo hilo: watu wazima wenye shughuli zao wamekaa kimya, huku kinyozi mwingine anakung'uta taulo na kuwakaribisha bure. Ukiwauliza, watasema wanapumzisha miguu. Waongo. Wanasubiri mkono.

Katika mtaa huu mkono uliosubiriwa ulikuwa wa mtu waliyemwita Mwepesi. Alikuwa mfupi, kifua kipana, si msemaji. Jina alipewa na wateja, kwa sababu wengine hawakujua kwamba kazi imekwisha mpaka waambiwe wainuke kwenye kiti chake. Alivijua vichwa vya watu kama mkulima anavyolijua shamba lake, mahali penye jiwe na mahali panapotuama maji. Mwalimu wa hesabu alikuwa na kiuvimbe nyuma ya sikio la kushoto, na mashine ikipita juu yake damu inatoka. Fundi bomba alikuwa akisinzia, na akisinzia huangukia kulia. Muuza matairi haulizwi habari za mwanawe. Hayo yote Mwepesi hakuyaandika popote wala hakuyasema. Yalikuwa kwenye vidole.

Saluni haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee mmoja mnene, mbishi, mchoyo wa hata poda, aliyeitwa Bwana Kiti kwa sababu hakuonekana pengine ila kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni. Alipokea pesa, alirudisha chenji kutoka mfuko wa shati, alisalimia wapita njia na kuwatukana waliopita bila kusalimia. Kichwa cha mteja hakukigusa. Mwepesi alifanya kazi chini yake tangu ujana mpaka akawa baba wa mabinti wawili, na katika muda wote huo hakumwona Bwana Kiti akimnyoa mtu aliyelipa.

Vichwa alivyovigusa vilikuwa vya vinyozi wake. Kinyozi hajinyoi, kila mtu anajua. Mahali pengine vinyozi hunyoana wenyewe kwa wenyewe, leo wewe kesho mimi. Bwana Kiti alipiga marufuku. Kila Jumatatu, kabla mlango haujafunguliwa, aliinuka kwenye plastiki yake, akachukua mashine na kuwanyoa mmoja mmoja kwa mkono wake mzito. Alikuwa akilivuta sikio kama mtu anayefungua droo iliyokwama. Na alikuwa akiuliza maswali. Mwepesi aliichukia Jumatatu kuliko siku zote. Aliona ni ubabe tu, ni bosi anayekukumbusha kwamba kichwa chako kiko mikononi mwake.

Jumatatu moja zamu yake ilifika.

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Na kile kiwanja chenu. Mmeshaweka msingi?"

"Bado."

"Bado, au hamuweki tena?"

Mashine ikasimama kisogoni.

"Shingo yako imekuwa ngumu kama mpini wa jembe," alisema Bwana Kiti. "Mwenye shingo hivi ana deni au ana safari. Deni huna, maana hata kukopa huna akili ya kukopa. Unahama lini?"

"Mimi sijasema nahama."

"Umesema. Ni mdomo tu ndio haujafunguka."

Vinyozi wengine wakacheka. Bwana Kiti akamaliza kunyoa, safari hii vizuri kabisa, akampaka poda shingoni bila kuipima, na Mwepesi akajua kwamba mambo yameharibika.

"Haya, baba. Shuka langu litundike pale kwenye msumari. Na wateja ukiwachukua, wachukue wote. Usiniachie wale wasiolipa."

Ni kweli Mwepesi alikuwa na mpango wa kufungua saluni yake, lakini ulikuwa mpango wa mwakani. Sasa ilibidi uwe wa wiki hii.

Mkewe alikuwa akifua mashuka hospitalini. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa dawa, na alikuwa na tabia ya kukinyoosha kitambaa chochote kilicho mbele yake, hata pindo la gauni la mtu mwingine. Kile kiwanja walikinunua pamoja, nusu kwa mashuka na nusu kwa vichwa, huko mwisho wa mji ambako barabara inageuka kuwa njia ya miguu. Siku zake za mapumziko alikwenda kung'oa majani peke yake. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa mtu, choo cha pamoja, na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi akiwa na kikombe chake mwenyewe ili apewe chai.

"Kwa hiyo tunauza nyumba," alisema mkewe.

"Kiwanja, mama watoto. Nyumba bado haipo."

"Kwako haipo. Mimi nimeshapaka rangi chumba cha wasichana."

"Miaka miwili tu. Saluni ikisimama, nakununulia kingine, tena karibu na barabara."

"Usininunulie. Utarudisha. Si zawadi ile."

Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza kama anayetafuta doa.

"Mikono yako naiamini," alisema. "Ni kichwa chako ndicho sijawahi kukielewa."

Lakini alikubali. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa wote wawili tangu siku ile: saluni ikisimama, watakuwa na nyumba. Ikianguka, watakuwa wapangaji mpaka uzee, na yule bwana wa kikombe atakuja kuwazika.

Mwepesi alipata chumba cha mbele katika nyumba moja nyuma ya zahanati. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeishi ghorofani na aliyejua nani ameingia mlango gani kwa sauti ya viatu. Mwepesi akaweka vigae vyeupe ukutani kwa mkono wake. Akanunua kioo kinachojaza ukuta mzima, na viti vitatu vya kupandisha kwa kukanyaga, vya ngozi nyekundu, kutoka saluni nyingine iliyofungwa. Hilo la mwisho lingeweza kumfikirisha, lakini mtu anayefungua duka haulizi yule aliyefunga yuko wapi.

Aliajiri watu wawili. Mmoja alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, kijana mtanashati mwenye mwanya, aliyejifunza kazi kwa kumtazama Mwepesi mwenyewe. Wa pili aliitwa Redio. Kwa nini aliitwa hivyo, ungejua ukimkaribia.

Mkewe alikuja kuona siku moja kabla ya kufungua. Alipapasa mashuka mapya, akayasifu. Kisha akahesabu viti kwa kidole.

"Binamu yako hapa. Redio hapa. Na hiki ni cha nani?"

"Kitapata mtu."

"Mtu gani? Wewe si mtu?"

"Mimi ni mwenye saluni."

Mkewe akacheka. Kisha akaona kwamba hakuwa akitania, akaacha.

Hapo ndipo Mwepesi alipokosea, na ni kosa ambalo mshonaji au mwenye duka asingelifanya. Mwepesi katika maisha yake alimjua mwenye saluni mmoja tu, na huyo hakuwa akishika mashine mbele ya mteja. Basi akaamini kwamba kumiliki ndiko huko. Bosi mwenye nywele za watu mikononi ni bosi wa nani? Alimwiga Bwana Kiti katika kila kilichoonekana kutoka barabarani: akakaa mlangoni, akapokea pesa, akasalimia. Kisha kile kisichoonekana kutoka barabarani, yaani ile Jumatatu, akakifuta kwa furaha siku ya kwanza kabisa.

"Hapa kwangu hakuna mambo ya kuvutana masikio," aliwaambia vijana. "Kila mtu ana kichwa chake. Mtanyoana wenyewe."

Redio alipiga makofi. "Uhuru huo! Na mashine ya bosi, bure!"

Wateja walimfuata, kama alivyojua watamfuata. Wiki ya kwanza benchi lilijaa mpaka watu wakasimama. Walikuja mwalimu wa hesabu, fundi bomba, muuza matairi, na wengine wengi waliovuka barabara mbili kwa ajili ya mkono mmoja. Wakamkuta amevaa shati lililopigwa pasi, mikono nyuma.

"Nimekuja kwako, Mwepesi," alisema mwalimu.

"Si uko kwangu, mwalimu? Saluni yangu, kiti changu, kinyozi wangu."

"Na mkono je?"

"Mkono nimeuajiri."

Watu wakacheka, na mwalimu, ambaye hakutaka kuonekana mgumu, akakaa kwa Binamu. Mwepesi alisimama pembeni. Akainama, akanong'ona sikioni mwa kijana: nyuma ya sikio la kushoto, zunguka, usipite juu. Fundi bomba alipokaa, akanong'ona: mwekee bega lako kulia. Kwa muuza matairi akanong'ona pia. Alifanya hivyo kwa kila mtu, siku baada ya siku, kwa uaminifu mkubwa, kama baba anayewaonyesha wanawe mipaka ya shamba. Miezi michache baadaye hakuwa na la kunong'ona tena. Wateja waliokuwa wakisema "nataka wewe" walianza kusema "nataka yule wako", na mwisho wakaacha kusema chochote. Waliingia, wakampa yeye mkono wa salamu, wakaenda kukaa kwa mwingine.

Yeye alifurahi. Saluni ilijiendesha.

Na kwa kweli hakuwa na nafasi ya kunyoa hata angetaka. Watu hudhani mwenye duka anakaa. Ofisi ya leseni ilimtuma dirisha la tatu, dirisha la tatu likamtuma la kwanza, la kwanza likamwambia yule anayehusika yuko msibani. Bwana afya alikuja, akatazama vigae, akavisifu, akasema panatakiwa sinki lenye bomba linalotoa maji. Sinki likawekwa. Akarudi, akalifungua, akasema maji ni ya baridi. Umeme ulikatika wiki nzima katika msimu wa shule kufungua, wakati hata mtoto mchanga ananyolewa. Mwepesi akanunua jenereta ndogo. Moshi wake ukapanda moja kwa moja kwenye nguo za mama mwenye nyumba, zilizokuwa kwenye kamba.

Mama mwenye nyumba akashuka akiwa ameshika shuka lililochafuka, lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya shuka.

"Kila nikichungulia naona viti vimejaa, mwanangu. Mungu akubariki."

"Amina, mama."

"Na mimi anibariki kupitia kwako. Kuanzia mwezi ujao kodi inapanda."

"Mama, hivi viti unavyoviona vimejaa, nusu ni yao wanaonyoa."

"Basi wape robo," alisema mama, akapanda ngazi zake taratibu, akivuta pumzi kila ngazi.

Mwepesi alilitafakari neno hilo siku kadhaa. Desturi ya kazi hii ni mgawo wa nusu kwa nusu: kila kichwa, nusu ya mwenye saluni na nusu ya mkono. Umeme ukikatika, wote wanakosa. Siku ikiwa nzuri, wote wanapata. Yeye akaibadilisha. Akawaambia vijana, jioni ya Jumamosi, akiwa ameshika funguo na amegeuza uso kidogo, kwamba kuanzia sasa kila mmoja atamletea kiasi kile kile kila siku, iwe mvua iwe jua, uwepo umeme usiwepo. Kinachobaki ni chao.

"Na kisipobaki, kaka?" aliuliza Binamu.

"Kazi ni kujituma. Mimi mwenyewe nilijituma."

Binamu akamtazama Redio. Redio, mtu ambaye alikuwa akiwasimulia wateja ndoto zao wenyewe, hakusema neno. Mtu mwangalifu angeshtuka. Redio isiyolia imekatika waya au inasikiliza.

Mwepesi hakushtuka. Jumatatu asubuhi alikuwa dirishani kwa bwana afya, na vijana wake walikuwa wamefunga mlango nusu, wananyoana.

Walichozungumza hakuna aliyemsimulia, na hakuna haja. Watu wawili, mmoja ameinamisha kichwa na mwingine amesimama nyuma yake, hawatazamani usoni, hakuna mteja, hakuna bosi. Mahali kama hapo maneno hutoka yenyewe. Bwana Kiti alilijua hilo, wala si kwa hekima. Alikuwa mtu wa kushuku tu, aliyeshuku hata chenji yake mwenyewe, na hakutaka kamwe watu wake wawili wapate saa ya utulivu bila yeye kuwa na kidole shingoni mwa mmoja wao. Ulikuwa ubabe, Mwepesi hakukosea. Ila ulikuwa ubabe uliomlinda, na kila Jumatatu mkono wake ulibaki umeizoea mashine.

Mwezi ulipogeuka, Mwepesi alifika asubuhi akakuta saluni imefagiwa. Mashuka yamekunjwa. Mashine zake zimefutwa mafuta, zimepangwa mbele ya kioo, hata moja haikukosekana, na usafi huo ndio uliomwambia kwamba vijana wameondoka. Akakaa kwenye benchi. Nyundo ilikuwa ikigonga upande wa pili wa ukuta.

Chumba cha jirani kilikuwa stoo ya mama mwenye nyumba. Alitoka nje akakuta magodoro na ndoo zake vimerundikwa barazani, na Redio yuko juu ya ngazi anapigilia bango. Redio akamwona, akakosa pa kuiweka misumari iliyokuwa mdomoni, akamsalimia nayo.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameegemea dirisha lake la juu.

"Mama," Mwepesi aliita, "umefanya nini?"

"Mimi nina nyumba, mwanangu. Nyote ni wapangaji wangu."

Wateja walikuja siku ile kama kawaida, wakasimama kati ya milango miwili wakichekacheka kama watu waliokuta harusi mbili mtaa mmoja. Kisha mmoja mmoja wakaingia kule. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Walikuwa wakifanya vile vile walivyofanya walipovuka barabara mbili kumfuata yeye.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa haki. Yeye aliingia kwa Mwepesi, akakaa kwenye kiti cha kwanza bila kuulizwa.

"Leo utaninyoa wewe," alisema. "Nimeusubiri mkono huu mwaka na zaidi."

Mwepesi akavaa koti la kazi la Binamu, ambalo lilimbana kifuani. Akawasha mashine. Ilitetemeka kiganjani kuliko alivyoikumbuka. Aliongea, yeye ambaye zamani hakuwa akiongea, akauliza habari za shule, habari za mke wa mwalimu, habari za mvua. Akashuka upande wa kushoto akiwa bado anaongea. Mwalimu akashtuka kidogo tu, mabega yakapanda.

Damu ilishuka nyuma ya sikio hadi kwenye shuka jeupe.

Mwepesi akakimbilia spiriti, akamwaga nusu yake mezani. "Samahani, mwalimu. Samahani sana. Nilijua kipo pale. Mimi ndiye niliye..."

"Si kitu," alisema mwalimu, amefumba macho. "Ni kidogo. Hutokea."

Alilipa, akakataa chenji, akamshika bega. Wote wawili walikuwa na aibu, na mwalimu alikuwa na zaidi, kama mtu aliyemfumania rafiki yake bila nguo. Baada ya majuma mawili Mwepesi alisikia kikohozi chake upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule ulikuwa wa mbao zilizopakwa lipu nyembamba. Ulipitisha mashine, ulipitisha vicheko, ulipitisha sauti ya Redio akieleza namna ya kumwoa mjane mwenye nyumba ya ghorofa. Na katikati yake kikohozi kikavu cha mtu wa chaki, kisha sauti ya Binamu: "Inama kidogo, mwalimu. Usijali, nakijua."

Mchana mmoja wa joto, wakati hakuna wateja pande zote mbili, Mwepesi alikwenda upande wa pili. Hawakuwa na vigae. Hawakuwa na viti vyekundu, walikuwa na viti vya ofisi vilivyotolewa magurudumu. Kioo tu ndicho kilikuwa kikubwa na kipya.

"Karibu, kaka," alisema Binamu, akasimama kwa heshima. Hiyo nayo ilimuuma.

"Mmeniibia."

"Tumekuibia nini? Ulihesabu mashine?"

"Mnajua ninachosema. Vile vichwa nilivitafuta mimi. Kimoja kimoja."

Redio akatazama nje. Binamu akapangusa kioo ambacho kilikuwa kisafi.

"Kaka, hatukuchukua kichwa cha mtu. Ulitupa. Ulisimama hapo na shati lako zuri, ukatupa kimoja kimoja, na maelekezo yake. Halafu ukataka tukulipe hata siku ambazo hapakuwa na umeme."

"Ningejua ningekwenda kwa shangazi. Yeye angewaambia. Damu ni damu."

Binamu akawa kama mtu anayetafuta pa kupita.

"Mama anajua, kaka."

"Anajua nini?"

"Hicho kioo ni chake. Aliuza cherehani yake."

Mwepesi akajiona kwenye kioo cha shangazi yake, nywele zimemwota masikioni, maana tangu vijana waondoke hakuwa na wa kumnyoa, na mji mzima ungemwona akiingia kwa mwingine. Neno lililomtoka lilikuwa la kijinga.

"Mbona mimi hakunisaidia kununua kioo?"

"Hukumwomba," alisema Binamu. "Ulisema hutaki wanawake wa ukoo kwenye biashara yako."

Aliendelea kwa muda baada ya hapo, kama kuku anavyoendelea baada ya kukatwa. Alipunguza bei, walikuja wale wasiolipa, wale ambao Bwana Kiti alimwonya. Aliajiri kijana mwingine, na kijana huyo akaondoka na mashine moja. Aliandika nje kwa herufi nyekundu kwamba mwenye saluni ananyoa mwenyewe, na watu walipita wakasoma kwa sauti, wakaendelea kwenda mlango wa pili. Kodi ilimngoja kila mwezi pale pale. Wakati mwingine mkewe alipotoka hospitalini alipitia saluni, akaketi kwenye kiti cha tatu kupumzisha mgongo, akakunja upya mashuka ambayo hayakuwa yametumika.

Hakumlaumu. Angelaumu, angemsaidia. Mara moja tu alisema, wakati wakitembea kurudi nyumbani, kwamba yule aliyenunua kiwanja amejenga mpaka kwenye linta, juu ya madirisha.

"Ulikwenda kuangalia?"

"Nilipita."

Hakuna mtu anayepita pale. Barabara inaishia huko.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyemaliza maneno. Alishuka akasema jirani wanataka kubomoa ukuta wa mbao, vyumba viwe kimoja, na yuko tayari kuwapa. Akasema kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Binamu akaja nyuma yake, akanunua viti vyekundu na kile kioo cha zamani kwa bei ambayo Mwepesi angeikataa kama angekuwa na mnunuzi mwingine. Fedha yote iliishia kwenye kodi aliyokuwa amebakiza. Kisha Binamu akasimama, akajikuna mwanya kwa ulimi.

"Kiti kimoja hakina mtu, kaka. Kwa nusu kwa nusu. Sisi tumerudisha desturi."

Mwepesi alimjibu tusi. Akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akamkuta mkewe anakamua nguo uani pamoja na binti mkubwa, kila mmoja ameshika ncha yake ya shuka, wanasokota.

Alimweleza yote, na tusi pia.

"Umemaliza?" alisema mkewe. "Kesho uende."

"Kwa yule mtoto? Niliyemfundisha kushika wembe?"

"Kwa yule mtoto, kwa mjomba wa shetani, uende. Mimi mabosi wangu wote ni wadogo kuliko mimi, mmoja nilimfunga nepi. Vuta," alimwambia binti, na maji yakaruka juu ya viatu vya Mwepesi. "Wasichana wanakua, baba watoto. Chumba hakikui."

Akaenda. Ukuta ulikuwa umebomolewa, saluni imekuwa kubwa na nzuri, vigae vyake vyeupe vimeishia mahali ambapo ukuta ulikuwa, kama meno ya mtu aliyepigwa upande mmoja. Alipewa kiti cha mwisho. Redio alimpokea kwa shangwe kubwa mno. Wateja walipoingia walifurahi kwa kweli.

"Mwepesi! Umerudi!"

"Nimerudi."

"Vizuri sana. Mtaa ulikuwa umepooza." Kisha wakaketi kwenye benchi, wakamsubiri Binamu.

Alisimama asubuhi nzima nyuma ya kiti kitupu. Alikung'uta taulo. Aliwakaribisha. Fundi bomba alisema anapumzisha miguu. Mwalimu wa hesabu aliingia, akamwona, akakumbuka kwamba amesahau kitu shuleni, akatoka.

Karibu na adhuhuri mtu mmoja mwenye vumbi la safari aliingia na mfuko begani, akatazama benchi lililojaa, akatazama kiti kitupu, akashangaa kama mtu anayekuta pesa njiani. Akakaa. Hakuna aliyemzuia.

Mwepesi alimfunga shuka. Akaweka vidole juu ya kichwa kile, akavipitisha taratibu kutoka utosini kushuka kisogoni, akatafuta. Kulikuwa na kovu refu juu ya sikio la kulia, na nywele zilizokataa kulala upande mmoja. Alirudia tena, kwa makini, kama mtu anayejifunza njia atakayoipita mara nyingi. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa amemuuliza mteja kwa miaka mingi.

"Nikunyoe vipi?"

"Vyovyote, ila haraka," alisema yule mtu, akitazama barabara kupitia kioo. "Mimi napita tu hapa. Sirudi."